Rufaa ya Posa ya Karanga

Selestina, mjane wa Kornelio,
Nyuma ya stesheni ya zamani,
Kilosa.

Kwa Mzee Lupakisyo,
Baba mzazi wa Dokta Upendo na, kwa hesabu hiyo, babu wa mbwa Karanga,
Kata ya Ruaha.

YAH: KUNYIMWA MBWA MDOGO BAADA YA KUFUATA TARATIBU ZOTE ZA KIUNGWANA

Ndugu Mzee Lupakisyo,

Shikamoo. Naambiwa umenizidi umri, ndiyo maana nimetangulia mimi. Ikibainika kwamba ni mimi niliyekuzidi, basi irudishe kwenye jibu lako nami nitaitikia bila kinyongo. Mambo ya shikamoo sipendi yakae na makosa.

Sisi hatujuani. Mimi ni mjane wa marehemu Kornelio, aliyekuwa fundi wa reli hapa Kilosa. Ninakaa katika nyumba yetu, nina kuku, nina matuta ya bamia, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, kwa hiyo kuandika barua si kazi ngeni kwangu. Wewe nakufahamu kupitia kwa binti yako Dokta Upendo, daktari wa mifugo wa Mikumi, ambaye amepata uhamisho wa kwenda Kibondo. Huko anakokwenda amepata chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba hataki mbwa, na yeye ana mbwa mdogo wa kike aitwaye Karanga. Anamtafutia nyumba ya kudumu kabla hajaondoka.

Kichwa cha barua kimeshasema kilichonileta, lakini nisikuzungushe: namtaka Karanga. Mwanangu wa pekee, Bryson, atakuja baada ya mavuno ya mahindi kunichukua nikaishi naye Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kwa maelezo kwamba mama hawezi kukaa peke yake. Nilimwambia kwamba nikipata mbwa sitakuwa peke yangu. Akacheka kwenye simu, akasema haya mama, tafuta mbwa. Mzee Lupakisyo, nimetafuta, nimepata, nimeposa, nimekataliwa. Na mahindi yameshaanza kukauka shambani.

Nakuandikia wewe kwa sababu posa ikikwama, anayeulizwa ni mzazi. Mbwa huyu hana mzazi mwingine ambaye ninaijua anwani yake.

Kwanza nikueleze nilivyomfahamu. Binti yako alikuja mtaani kwetu kuchanja kuku dhidi ya kideri, na Karanga alikuwa kwenye kikapu nyuma ya pikipiki. Wakati binti yako anahangaika na jogoo wangu, ambaye hana adabu, Karanga alishuka, akaja jikoni, akalala chini ya kigoda changu. Mimi nikitaka kuinuka huwa nasema «haya», kwa sababu magoti yanataka taarifa. Nikasema «haya», nikainuka, naye akainuka. Nikaketi, akaketi. Nikarudia mara kadhaa kwa uchunguzi tu. Tangu Kornelio aniache sijaona kiumbe anayeinuka ninapoinuka mimi, na siku ile nilichelewa kuepua mboga kwa ajili hiyo.

Watu wengine wangepiga simu wakasema nipe mbwa wako. Mimi sikulelewa hivyo. Kiumbe hatoki kwa watu kama unavyotoka ungo wa kuazima. Nilifanya kama inavyofanywa: niliandika barua ya posa, nikaifunga katika kitambaa cheupe, nikamkabidhi Mzee Deo, mshenga wa mtaa wetu. Nusu ya ndoa za huku nyuma ya stesheni zimepita mdomoni mwake, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Nilimweleza wazi kwamba safari hii anayeposwa ni mbwa. Akanijibu kwamba posa ni posa na maneno ya heshima hayamchagui mtu. Akavaa koti lake, akapanda basi la Mikumi.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia, na nimeyapa namba ili usipotee.

1. Binti yako alivaa kitenge kisha akakivua.

Mzee Deo, kama mshenga yeyote anayejua kazi yake, hakutaja jina. Alisema tumepita njiani, tumeona ua zuri kwenye bustani yenu, tumekuja kuliombea maji. Naambiwa binti yako aliomba dakika moja, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge juu ya suruali, akaketi mkekani na kujibu kila neno huku ameinamisha macho. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Ndipo Mzee Deo akasema kwamba kule kwetu ua hilo litapata mifupa kila Jumapili.

Sikulaumu wewe kwa kutokea kwa kosa hilo, wala simlaumu binti. Ninachouliza ni hiki: kwa nini baada ya kugundua ukweli alisimama, akavua kitenge, akakikunja? Kama posa yake ilistahili kitenge, kwa nini ya Karanga isistahili? Nasikia pia aliangalia pembeni kidogo, akauliza kama Mzee Deo ana uhakika hakuna mwingine aliyemtuma. Hilo nimeliandika kwa sababu baba mtu unapaswa kulijua, na kama unamfahamu kijana mwema Kibondo, Mzee Deo bado ana nguvu za kusafiri.

2. Sifa zetu ziligeuzwa kuwa mashtaka.

Mzee Deo alisema maneno yale yale ambayo yameozesha mabinti wengi wazuri. Alisema kwetu atakuwa mtu wa ndani, hatazurura. Binti yako akauliza, ina maana hata matembezi ya asubuhi hatapata? Alisema kwetu hatakaa bure, kazi ipo. Binti yako akauliza kazi gani, maana Karanga ana uzito wa kuku wawili na anaogopa bata. Alisema ukoo wetu unangoja watoto wake kwa hamu. Hapo binti yako akamweleza kwamba Karanga alishafungwa kizazi.

Jambo hilo Mzee Deo hajawahi kukutana nalo mkekani, lakini ni mtu mzima. Alitoa pole, akaahidi kwa niaba yangu kwamba kwetu hatasimangwa kwa ajili hiyo hata siku moja, na kama wapo mawifi watakaofungua mdomo, yeye mwenyewe atawafunga. Mimi nilipohadithiwa nililia kidogo. Binti yako hakulia, aliandaa swali jingine.

Mwisho Mzee Deo akatoa neno kubwa kuliko yote, lile linalowatuliza wazazi: kwamba tukimchoka hatutampiga, tutamrudisha kwao kwa heshima. Uso wa binti yako ukabadilika. Akasema Karanga alishachukuliwa na watu wengine mwaka jana, wakamrudisha kwa sababu habweki vya kutosha, na baada ya hapo alikaa wiki nzima anatazama mlango. Akasema hatarudishwa tena. Kisha akamwambia Mzee Deo kwamba atakuja mwenyewe Kilosa kuiona nyumba.

3. Kuchunguzwa mchana kweupe.

Najua upande wa binti una haki ya kuchunguza. Lakini kuchunguza kuna adabu zake. Unamtuma mtu anayejifanya amepotea njia, anaomba maji ya kunywa, anatupia jicho sufuria kama zimesuguliwa, anapita kwa jirani kuulizia bei ya mkaa, anaondoka na kila alichokifuata. Wenyewe tunamjua, tunajifanya hatumjui, na siku hiyo nyumba inakuwa imefagiwa. Binti yako alipiga hodi, akanipa shikamoo safi kabisa, kisha akauliza kila kitu kwa mdomo wake, mbele yangu, kana kwamba mimi ndiye ninayejua mambo ya nyumba yangu.

Aliuliza Karanga atalala wapi. Nikasema nje, kama mbwa. Akanitazama. Nikasema barazani. Akaendelea kunitazama. Nikasema jikoni, karibu na mafiga. Sijui ningefika chumba gani kama hakuingia kwenye swali la pili.

Aliuliza atakula nini. Nikasema atakula ninachokula. Akauliza nakula nini, swali ambalo hata paroko hajaniuliza. Nikamjibu ugali, dagaa na mboga za majani. Akasema vizuri, ila mboga yake isiwe na kitunguu wala chumvi nyingi. Sasa hiyo ni mboga au ni dawa?

Aliuliza mto Mkondoa ukifurika nani atambeba. Nikamwambia kwamba katika yale mafuriko makubwa niliwatoa kuku wote ndani ya ndoo, kichwani, na cherehani mkononi. Hapo aliridhika, lazima niwe mkweli.

Lakini akafika kwenye ua wangu wa michongoma, akaona pengo, akasema mama, hapa Karanga atatoka. Mzee Lupakisyo, lile si pengo. Ile ni njia ya Mama Doto, jirani yangu, ambayo amepita nayo kuja kuazima chumvi na kurudisha chumvi tangu watoto wetu wananyonya. Nilimweleza hivyo. Akasema anaelewa, lakini mbwa haazimi chumvi. Akaenda kumhoji na Mama Doto mwenyewe. Mama Doto ni Mwislamu mshika dini, pua ya mbwa ikimgusa ana kazi ya kufua na kujitwaharisha, na hakuficha. Alimwambia mimi simshiki, Dokta, ila maji nitamwekea, na huyu mama akichelewa kurudi, nitakuwa wa kwanza kuuliza yuko wapi. Binti yako akamshukuru kwa muda mrefu kuliko alivyonishukuru mimi.

4. Swali.

Hili sitalizungumza sana. Aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Alisema mama, mbwa mdogo akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka kumi na mitano. Wewe ukitangulia, Karanga atabaki na nani?

Nikamwambia kwamba kwetu maswali ya kutangulia huulizwa na padri, tena awe amevaa stola. Nikampa uji. Akanywa, akashukuru, akapanda pikipiki yake, akaondoka na kikapu kitupu. Mtu akija na kikapu kitupu akaondoka na kikapu kitupu, jibu lake linajulikana hata kama hakulitamka.

Nisikufiche, swali hilo limenikaa kifuani. Nimepika kwenye misiba ya mtaa mzima huu. Siku ya msiba wangu mwenyewe, alipofariki Kornelio, walikuja watu wengi, wakala, wakaimba, wakaniambia nijikaze, wakaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyeniuliza mimi nitabaki na nani. Leo swali limefika, limeletwa na pikipiki kutoka Mikumi, na limekuja kwa ajili ya mbwa.

5. Simba hawakuhojiwa.

Nimesikia kwamba Karanga ana mposaji mwingine, bwana mmoja anayeitwa Goodluck, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi. Ana ukuta, ana geti, ana jokofu. Nakubali. Lakini naomba tutazame majirani zake. Mbele ya geti lake inapita barabara kuu yenye malori yasiyopumzika. Nyuma yake ni pori. Mimi nimehojiwa kwa pengo la chumvi, je, chui wa Mikumi wamehojiwa? Simba wameulizwa wanakula nini? Tembo wameulizwa watalala wapi, na wakijibu nje, wametazamwa kama nilivyotazamwa mimi? Na wale nyani wanaopora mkate mkononi mwa msafiri, nani aliyepita kwa jirani zao kuulizia tabia?

Jirani yangu mimi ni Mama Doto. Hajawahi kumla mtu.

6. Kwa vigezo hivi, wote tunapaswa kurudishwa.

Nimekaa nikafikiri, kwa sababu usiku siku hizi ni mrefu. Nilipoolewa, wajomba zangu walimchunguza Kornelio mpaka wakachoka. Waligundua kwamba hanywi, anasali na ana kazi ya reli. Hawakugundua kwamba anakoroma, wala hakuna aliyemwuliza kama ana ua. Hakuwa nao. Michongoma ile tuliipanda pamoja. Nilipojifungua Bryson, muuguzi aliniuliza kama nimekuja na khanga za kutosha, basi, akanikabidhi binadamu mzima. Hakutaka kujua mto ukijaa nani atambeba, na mwaka huohuo mto ulijaa. Padri wetu wa zamani alipewa parokia nzima, roho za watu na mbuzi wa misheni, bila mtu kukagua pengo hata moja.

Kwa hiyo naomba mojawapo. Ama maswali ya binti yako yafutwe kwa sababu hakuna aliye hai anayeweza kuyajibu, ama yatumike kwa kila mtu bila upendeleo, kuanzia wachumba, wenyeviti wa mitaa, wakwe, makatibu wa vyama vya ushirika, hadi watoto wanaokuja kuchukua mama zao.

7. Ghorofa ya tatu.

Hapa ndipo penye kiini, na ninaomba usome ukiwa umeketi.

Mwanangu Bryson ni mtoto mwema. Anapiga simu kila Jumapili baada ya misa, na mkewe Agnesi ananiita mama kwa moyo. Wameniandalia chumba chenye televisheni. Lakini mimi pia natafutiwa nyumba, Mzee Lupakisyo, kama Karanga tu, tofauti ni kwamba mwenzangu amepata mtu wa kumwulizia. Kwa hiyo naomba rasmi kwamba Dokta Upendo, kabla hajaenda Kibondo, apande treni ile mpya ya umeme mpaka Dar es Salaam, apande na ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na amwulize Bryson maswali yaleyale kwa upole uleule. Huyu mama amezoea uwanja, hapa uwanja uko wapi? Mchana, ninyi mkiwa kazini, atabaki na nani? Asubuhi atatembea wapi? Jirani wa karibu anaitwa nani, na akichelewa kurudi ni nani atakayekuwa wa kwanza kuuliza yuko wapi? Na mkishindwana naye atarudi wapi, ikiwa nyumba yake ya Kilosa mmeshaipangisha?

Kama Bryson atajibu yote vizuri, nitafunga mzigo wangu siku hiyohiyo.

Na kama itaonekana kwamba mimi sifai kumchukua Karanga, basi naleta ombi la mwisho, ambalo Mzee Deo amesema halijawahi kutokea lakini halikatazwi: Karanga aulizwe kama yeye yuko tayari kunichukua mimi. Sina makuu. Nalala popote, nala chochote hata kisicho na kitunguu, chanjo zangu za utotoni nilipata zote, na kizazi changu kilishafungwa na umri. Sibweki sana.

Naamini utalitazama jambo hili kwa jicho la mzee, si kwa jicho la babu wa mbwa. Nisalimie nyumba yako yote, majirani zako wa mashamba ya miwa, na wanaokuletea maji. Isalimie kwaya ya kanisani kwenu kama ipo, na kama haipo wasalimie watakaoianzisha. Mama Doto anakusalimu. Mzee Deo anakusalimu na anauliza kama huko Ruaha mna mabinti wengine. Jogoo wangu hasalimu mtu.

Aliyeandika kwa mkono wake na uchungu wake,

Selestina, mjane wa Kornelio.

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa mtaa, aone na yeye atajibu nini.
Paroko, kwa sala.
Simba wa Mikumi, wajiandae kwa mahojiano.

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika, nilimsomea Mama Doto barua yote, yeye akiwa amesimama kwenye njia yake ya chumvi. Alisikiliza mpaka kwa simba, akacheka mpaka akashika mchongoma kwa bahati mbaya. Kisha akaniuliza, kwani Dokta alikukataa lini? Nikamwambia si aliondoka na kikapu kitupu. Akasema mama Bryson, mimi nilikuwa hapahapa. Dokta alisema ukishampa jibu la lile swali, atamleta Karanga yeye mwenyewe, na kwamba yeye alishamkatalia yule bwana wa nyumba ya wageni kwa sababu ya malori na chui. Wewe ulikuwa umeshaingia ndani kutafuta kikombe cha uji, na uliingia kwa hasira.

Kwa hiyo chui walihojiwa. Naomba radhi kwao na kwa binti yako.

Nilikaa kigodani kidogo. Halafu nikampigia Bryson, ingawa haikuwa Jumapili, akaogopa. Nikamwuliza kama lilivyo: mwanangu, mimi nikitangulia, mbwa atabaki na nani? Akasema mama, mambo gani hayo, atabaki na mimi. Nikamwuliza, ghorofa ya tatu? Akasema aa, pale mwenye nyumba hapokei mbwa. Nikamwambia, sasa mimi unanipeleka nyumba ambayo hata mbwa hapokelewi? Sikusema kwa ubaya, nilikuwa nauliza tu. Nikasikia Agnesi kwa nyuma anamwuliza kuna nini. Nikamweleza na maswali mengine ya Dokta, pamoja na lile la pengo. Kisha Bryson akaniuliza, mama, hilo pengo la michongoma lina upana gani?

Jumamosi anakuja na fundi. Watatengeneza kigeti ambacho Mama Doto anapita na Karanga hapiti. Chumba chenye televisheni Agnesi amesema watakipa kazi nyingine, wao watakuja huku sikukuu zote, na Karanga akija kubaki yatima watahamia nyumba ya chini yenye uwanja, Bryson ameahidi mbele ya mama yake kwa sauti ya kusikika. Mwambie Dokta Upendo jibu ndilo hilo. Mwambie kitunguu nimeacha tangu alipoondoka, kwa majaribio, na dagaa wanalika. Malalamiko namba moja hadi sita nayafuta yote, na la saba limeshajibiwa. Amlete Karanga na shikamoo yake.

Jambo moja tu, mzee mwenzangu. Nasikia mama yake Upendo alishatangulia, na binti huyu anayehama ndiye uliyenaye peke yake. Akishaondoka, wewe huko Ruaha utabaki na nani? Usikasirike. Mimi nilikasirika wiki nzima, na ona lilivyonifaa. Jibu taratibu, na kama huna jibu, panda basi uje Kilosa. Uji upo, na njia ya kupita itakuwa na kigeti.